Breki inataka ukavu, kiti kinataka grisi: kuinyamazisha baiskeli kuukuu

Baiskeli kuukuu ikianza kupiga kelele, wengi wetu hukimbilia kopo la oili. Tunapaka kila kinachosogea, kuanzia mnyororo hadi raba za breki, na kweli kelele inakoma. Ila breki nayo imekoma: unaiminya, baiskeli inaendelea na safari zake. Ndiyo maana unaweza kumwona mtu mzima anateremka mlima huku amekandamiza ndala kwenye tairi.

Kabla ya kushika spana, tenganisha mambo mawili. Breki huishi kwa msuguano. Raba ikiishika rimu sawasawa, baiskeli inasimama, kwa hiyo dawa ya breki inayolia ni usafi, ukavu na mkao mzuri wa raba. Kiti ni kinyume chake. Kinalia kwa sababu vyuma vinasuguana chini ya uzito wako, na dawa yake ni grisi pamoja na nati iliyokazwa. Ukizichanganya dawa hizi utabaki na breki isiyoshika na kiti ambacho bado kinalia.

Baiskeli ninayoizungumzia hapa ni ile nzito, nyeusi au ya kijani, yenye matairi ya inchi 28: Phoenix ya Shanghai, Hero au Avon za Ludhiana kule India, Raleigh ya Nottingham iliyorithiwa kwa babu, au Swala iliyotengenezwa hapahapa Tanzania. Nyingi kati yake hazina waya wa breki. Ukiminya mkono, fito za chuma huvuta kipande chenye umbo la herufi U, na raba mbili zinapanda kuikaba rimu kwa ndani. Nitagusia pia breki za waya, na zile baiskeli za mtumba kutoka Japani zilizojaa miji ya pwani, kwa sababu kelele yake ni ya aina yake.

Mazingira nayo yana mchango. Huku Tanga, ambako baiskeli hupandwa na shehe, mwanafunzi na mama aliyevaa baibui anayekwenda soko la Mgandini, adui mkubwa ni chumvi ya bahari: kutu hula rimu, springi za kiti na kila maungio. Shinyanga na Tabora adui ni vumbi na mchanga unaojichimbia ndani ya raba. Ukijua unaishi na adui yupi, nusu ya uchunguzi umeshaufanya.

Vitu vya kuandaa

Spana za namba 8, 10, 13 na 14 zitafungua karibu kila nati utakayoigusa. Raleigh za zamani zina nati za vipimo vya inchi, na spana ya milimita isiyokaa sawa hula kona za nati. Hapo ndipo spana malaya, ile ambayo mdomo wake hupanuliwa na kubanwa (jina si langu, ni la gereji), inapofaa, mradi uibane hasa kabla ya kuizungusha. Tafuta pia bisibisi, plaisi, kipande cha msasa wa wastani, mswaki wa zamani, msharasi au sindano nene, na vitambaa safi vingi kuliko unavyodhani vitatosha.

Vya kusafishia ni sabuni ya unga, maji na spiriti kidogo. Vya kulainishia ni grisi ya kawaida na kichupa cha mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, hasa yaliyokwisha kukaangia: yakikaa hewani yanageuka gundi na kukusanya vumbi. Mafuta ya nazi nayo huganda asubuhi za kipupwe. Na zile dawa za kupuliza za kopo ni nzuri kwa kufungua nati iliyoshikwa na kutu, lakini haziwezi kufanya kazi ya grisi, na mpulizo wake husambaa. Ukipuliza kwenye springi za kiti huku gurudumu la nyuma liko wazi chini yake, umeshaipaka rimu bila kujua.

Tafuta kelele inatoka wapi

Hatua hii watu huiruka, kisha wanatumia jioni nzima kufungua kitu ambacho hakikuwa na kosa. Chuma hubeba sauti. Kelele ya chini kwenye pedeli inaweza kupanda kwenye fremu ukaisikia kana kwamba iko chini ya makalio yako.

Panda baiskeli sehemu tambarare, uikanyage ukiwa umekaa. Ikilia, inuka usimame juu ya pedeli, uendelee kukanyaga. Kelele ikikoma ulipoinuka, ni kiti. Ikiendelea kila mguu mmoja unaposhuka, ni pedeli yenyewe au kotapini, ile pini inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli ya katikati. Hiyo kazi yake ni nyingine, ila usiipuuze: kotapini iliyolegea hula chuma na mwishowe mkono wa pedeli unazunguka peke yake.

Ikilia unapominya breki tu, minya moja moja. Breki ya mbele na ya nyuma mara nyingi hazina ugonjwa mmoja. Na ikiwa kuna mkwaruzo unaorudi kila mzunguko wa gurudumu hata bila kugusa breki, inua baiskeli uzungushe gurudumu kwa mkono. Huenda madigadi imegusa tairi, kava la mnyororo limepinda, au rimu imekwenda upande na inaigonga raba sehemu moja.

Kwa kelele za kiti, egemeza baiskeli ukutani, kaa juu yake na utikise uzito wako kushoto na kulia, mbele na nyuma. Mwite mtoto achuchumae pembeni ategee sikio, ashike springi moja kisha nyingine. Kelele inapotoka, mkono unahisi mtetemo. Mtoto ataipata haraka kuliko wewe.

Breki

Anza na kuhakikisha hakuna kinachocheza. Breki hupiga yowe pale raba inapong'ang'ania na kuachia rimu mara nyingi sana kwa sekunde, ikatetemesha kila kilicholegea, na fremu nzima ikapokea sauti hiyo. Shika breki ya mbele kwa nguvu, usukume baiskeli mbele na kuivuta nyuma bila kuipanda. Ukihisi mgongano mdogo, "ka-ka", kwenye shingo ya usukani, gololi za juu zimelegea. Kaza kikombe cha juu mpaka mgongano uishe huku usukani bado unageuka kwa wepesi, kisha funga nati ya kufungia. Halafu shika gurudumu juu, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, koni za habu (kitovu cha gurudumu) zinahitaji kukazwa. Hakuna raba itakayonyamaza kwenye gurudumu linaloyumba.

Sasa safisha rimu. Ioshe kwa maji na sabuni ya unga, ndani na pembeni, pote raba inapopita, kisha suuza na uikaushe. Halafu chukua kitambaa safi chenye spiriti uizungushe rimu yote. Kitambaa kikitoka cheusi, chukua kingine, mpaka kitoke safi. Mafuta ya taa yanaondoa grisi nzito vizuri, ila huacha utando mwembamba, kwa hiyo ukianza nayo lazima umalizie kwa sabuni na spiriti. Kutu juu ya rimu yenye kromiamu usiikwangue kwa msasa mkali. Kromiamu ni ngozi nyembamba, na ukiichana chuma cha chini kitapata kutu mara dufu. Chukua karatasi ya foili ya kufungia chakula, ikunjakunje, iloweshe maji na usugue. Foili ni laini kuliko kromiamu, inaondoa kutu bila kuacha mikwaruzo.

Kisha fungua raba. Kwenye breki za fito kila raba imeshikwa na nati moja kwenye mkono wa ile U. Kwenye breki za waya nati iko upande wa nje. Usizifungue zote nne kwa pamoja. Fungua moja, itazame, itengeneze, irudishe, kisha nenda kwa nyingine, maana ukiweka zote kwenye beseni hutajua ipi ilikaa wapi.

Uso wa raba utakueleza mengi. Uking'aa kama kioo, raba imeungua na kukakamaa kwa juu. Sugua kwa msasa mpaka uso uwe mweusi usio na mng'ao. Ukiona vidoa vya fedha, hivyo ni vipande vya chuma vilivyomeguka kwenye rimu vikazama ndani ya raba, na pembeni yake kuna punje za mchanga. Vichokoe kimoja kimoja kwa msharasi. Hivyo ndivyo vinavyotoa ile sauti ya kukwaruza inayosisimua meno, na ndivyo vinavyochora mifereji kwenye rimu. Kisha bonyeza raba kwa ukucha. Ikiwa ngumu kama mbao, ukucha hauachi hata alama, msasa hautaisaidia; jua na miaka vimeshaimaliza. Nunua jozi mpya. Badilisha pia ikiwa mistari iliyochongwa usoni imekwisha, kwa sababu kinachofuata baada ya raba ni chuma kugusa chuma.

Wapo wanaokata raba kutoka kwenye tairi kuukuu la gari. Zinadumu sana, na kudumu huko ndiko kasoro yake: mpira wa tairi ni mgumu, ndani una nyuzi na wakati mwingine waya, hushika taratibu na kulia sana. Kwa kuwa raba za dukani ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa kwenye baiskeli, sioni sababu ya kujitesa.

Unapozirudisha kuna jambo moja la usalama ambalo halina mjadala. Raba nyingi zimeingizwa ndani ya kibati kilichofungwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Zungusha gurudumu kwa mwelekeo wa safari, uangalie rimu inapita kwenye raba ikielekea wapi. Ncha iliyofungwa lazima iwe upande ule rimu inakokwenda. Ukiiweka kinyume, siku utakayofunga breki kwa nguvu rimu itaichomoa raba kutoka kwenye kibati, na utabaki na kibati kitupu.

Kabla ya kukaza, panga mkao. Raba iguse rimu peke yake. Ikigusa tairi italichana. Ikipita chini ya ukingo wa rimu itakwenda kwenye spoki. Na ili isilie, ncha ya upande ule rimu inakokwenda itangulie kugusa kwa nafasi ndogo sana, kama milimita moja, halafu sehemu iliyobaki ifuate unapoongeza nguvu. Breki inapovutwa na rimu hujipinda kidogo, na mpango huu hufanya raba yote ilale sawa badala ya kurukaruka. Kwenye breki ya waya njia rahisi ni hii: kunja vocha ya simu iliyokwisha kukwanguliwa, iweke kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba, minya breki uishikilie hivyo, kaza nati, kisha achia utoe vocha. Baadhi ya breki za zamani hazina nafasi ya kupindisha raba. Kama mkono wake ni wa chuma, unaweza kuubana kwa spana malaya na kuupinda kidogo sana. Ukiwa wa aluminiamu usithubutu, utakatika. Kwenye breki za fito hakuna cha kupinda. Chukua tupa au msasa upunguze kidogo raba ya ncha ya nyuma, matokeo ni yaleyale.

Baada ya raba, tazama kinachozivuta. Kwenye breki za fito, ile U hupita katika vishikizo viwili vilivyofungwa kwenye uma wa mbele na kwenye fremu nyuma. Vikilegea, U inacheza na breki inalia hata raba zikiwa mpya. Vikaze, au uvibane kidogo kwa plaisi, lakini U iendelee kupanda na kushuka yenyewe springi inapoisukuma. Kila maungio ya fito yapate tone moja la mafuta ya cherehani, kisha futa ziada. Nasema tone moja kwa sababu mafuta yanayoshuka kwenye fito hufuata njia yake mpaka kwenye raba, na umerudi ulikoanzia. Urefu wa fito urekebishe kwenye kile kishikizo chenye skrubu ndogo ili raba zikae milimita 2 au 3 kutoka kwenye rimu, pande zote mbili sawa. Upande mmoja ukitangulia kushika, gurudumu huenda halijakaa katikati ya uma: legeza nati za ekseli, liweke sawa, kaza tena.

Kwa breki za waya, angalia boliti inayoshikilia breki nzima kwenye uma. Mara nyingi ndiyo inayocheza. Kaza nati ya ndani mpaka mchezo uishe na mikono bado inafunguka kwa springi, kisha uishikilie hapo huku ukifunga nati ya pili juu yake. Waya uliochanika nyuzi hata mbili tatu karibu na kichwa chake, badilisha leo.

Raba zilizosuguliwa upya zinahitaji kuizoea rimu. Tafuta mahali pasipo na magari, panda mwendo mdogo, funga breki polepole mpaka usimame, rudia mara kadhaa. Mlio mdogo wa mwanzo unaweza kupotea wenyewe hapo. Kisha pima nguvu: ukiwa umesimama kando ya baiskeli, minya breki ya mbele kabisa uisukume mbele. Gurudumu lisizunguke. Fanya vivyo hivyo kwa ya nyuma.

Mvua ni habari nyingine. Rimu ya chuma yenye kromiamu ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake, na hakuna utengenezaji utakaoondoa tabia hiyo. Wakati wa masika anza kuminya breki mapema, kwa wepesi, ili raba zifute maji kwanza, ndipo ukaze. Kelele ya breki iliyolowa inayokoma rimu ikikauka haina maana ya ugonjwa.

Yowe la Mjapani

Baiskeli za mtumba za Japani, zile zenye kikapu mbele na fremu iliyoshuka ili kupandwa kwa urahisi, zina breki ya nyuma ambayo haikamati rimu. Ukitazama upande wa kushoto wa habu ya nyuma utaona kifuniko cha bati cha mviringo. Ndani yake kuna ngoma ya chuma, na mkanda wenye kitambaa kigumu unaoizunguka ngoma na kuibana. Breki hii ikizeeka hupiga yowe ambalo linaamsha mtaa mzima, na ndiyo inayopakwa oili kuliko nyingine zote, kwa kuwa kelele yake haivumiliki.

Oili ikishaingia kwenye ule mkanda haitoki. Kama haijaingia bado, toa gurudumu, fungua kifuniko, sugua ngoma kwa msasa mpaka mng'ao uishe, na mkanda nao uupitishie msasa kidogo. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti na uepuke kulivuta puani. Utapata utulivu wa muda. Kelele ikirudi, na kwa kawaida hurudi, badilisha mkanda. Dawa ya kudumu zaidi ni kumwomba fundi akufungie breki ya ngoma ya aina ile inayotanua viatu (vipande vya kubania ngoma) kwa ndani. Ipo inayokaa kwenye habu hiyohiyo, na haina makelele. Mimi ningeanza na hiyo moja kwa moja kuliko kununua mkanda wa pili.

Zile za kufunga breki kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume zikilia, grisi ya ndani ya habu imekauka. Ziache kwa fundi mwenye uzoefu nazo, maana ndani kuna vipande vingi, na grisi yake inatakiwa ivumilie joto.

Kiti

Hapa ndipo grisi inapopata kazi, ingawa si ya kumwaga hovyo. Kelele za kiti zina sehemu nne za kutokea, na mimi huzifuata kutoka chini kwenda juu kwa sababu ya chini ndiyo inayosahaulika.

Ya kwanza ni nguzo ya kiti, lile bomba linalozama ndani ya fremu. Likikaa miaka bila kutolewa, jasho, mvua na mchanga hushuka pembeni yake, na kila unapokanyaga linajisugua ndani ya fremu: "kwi, kwi." Weka alama ya urefu kwa kuzungushia utepe au kwa kalamu ya wino mzito. Legeza nati inayobana fremu, kisha zungusha kiti kushoto na kulia huku ukivuta juu. Likigoma, dondoshea mafuta ya kufungulia kutu kwenye ule mwanya, liache usiku kucha, ujaribu tena asubuhi. Kuligonga kwa nyundo kutoka chini ya kiti kunapinda vyuma vya kiti na hakulitoi bomba. Likitoka, sugua kutu kwa msasa, safisha ndani ya fremu kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, paka grisi nyembamba kuzunguka bomba lote, ulirudishe. Futa grisi inayojitokeza juu. Angalau inchi mbili na nusu za bomba lazima zibaki ndani ya fremu. Anayehitaji kiti kiwe juu zaidi ya hapo anahitaji bomba refu zaidi. Na kwa kuwa umeshakifungua, weka urefu unaokufaa: ukikaa na kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka.

Ya pili ni klempu, pale kiti kinaposhikana na kichwa cha bomba. Mle ndani kuna washa zenye meno yanayong'atana ili kiti kisiiname. Mchanga ukiingia kati ya meno, yanasagana. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, kwa maana mpangilio wa zile washa unawachanganya hata wazoefu. Zifungue zote, zisugue kwa mswaki na mafuta ya taa, zikaushe, paka grisi kidogo sana kwenye nyuzi za boliti na kwenye meno. Kaza nati ya kushoto robo mzunguko, ya kulia robo mzunguko, kwa zamu, mpaka pua ya kiti isisogee ukiisukuma kwa nguvu zako zote. Meno yaliyokwisha kusagika yakawa laini hayatashika hata ukaze vipi. Klempu nzima hununuliwa peke yake, huna haja ya kununua kiti.

Ya tatu ni springi. Viti vya baiskeli hizi vina springi mbili nene nyuma na nyingine ya kujikunja mbele, na kila ncha imeshikwa na boliti ndogo. Kaza boliti hizo zote kwanza. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Halafu tone la mafuta ya cherehani pale ncha ya springi inapogusana na bati lake, si kwenye springi nzima, ambayo itashika vumbi na kuchafua nguo. Ikiwa duara za springi zinagongana unapopita shimo, viringisha kipande cha tyubu kuukuu kwenye duara moja. Kabla ya kuondoka, pitisha kidole kuzunguka kila springi ukitafuta ufa. Springi iliyopasuka hulia kwa sauti kavu ya "tak" na siku moja itakuchoma.

Ya nne ni kiti chenyewe. Cha plastiki chenye sponji ndani hulia pale gamba lake linapotikisika juu ya vyuma. Kiminye kwa mkono usikie mlio unatoka wapi, kisha pachika kipande kidogo cha ngozi ngumu kati ya gamba na chuma. Cha ngozi halisi hulia kwenye ribiti, na tone la mafuta chini ya kila ribiti hutosha. Viti vya ngozi vizuri, kama vile vya Brooks vinavyotengenezwa Uingereza tangu karne ya 19, vina nati chini ya pua ya kukaza ngozi iliyolegea. Izungushe nusu mzunguko tu kwa mara moja, kisha panda baiskeli uone. Ukiikaza kwa pupa ngozi inachanika kwenye ribiti, na hapo hata fundi viatu hodari atakuonea huruma tu.

Ngozi usiipake oili ya injini. Italainika, itabonyea, na itakuchora suruali. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya ng'ombe, ikipakwa kidogo kidogo kwa kitambaa, inaitosha kwa miezi mingi. Adui wake ni kukaliwa ikiwa imelowa maji. Tangu mifuko ya plastiki, iliyokuwa ikikifunika kiti wakati wa mvua, ipigwe marufuku nchini Juni 2019, watu wamegundua kwamba kofia ya kuogea inakaa kwenye kiti cha baiskeli utadhani ilishonwa kwa ajili yake.

Baada ya kazi

Safisha mikono kabla ya kugusa rimu tena. Si utani: grisi ya kidoleni ya mtu aliyetoka kutengeneza kiti inatosha kuirudisha breki kwenye kulia. Ndiyo sababu ukiweza ni vizuri kuanza na kiti, unawe, ndipo uende kwenye breki, au uzifunike rimu kwa gazeti.

Nati zilizofunguliwa na kukazwa upya hujilegeza kidogo siku za mwanzo, hasa kwenye barabara ya changarawe na ukiwa umebeba mzigo kwenye karia. Baada ya wiki moja ya matumizi pita tena na spana: raba zote nne, vishikizo vya breki, klempu, nati ya nguzo ya kiti, boliti za springi. Kama kuna raba iliyohama kutoka kwenye mkao wake, irudishe na ukaze. Ikihama tena, washa yake imekwisha, weka mpya.